Dodoma hadi Nairobi kwa barabara, na watoto: njia ya Kondoa na Namanga kwa wanaokwenda harusini

Rafiki wa chuo akitangaza harusi yake Nairobi, familia nyingi za Dodoma huwaza kwanza kushuka Dar na kupanda ndege. Ni mazoea ya enzi zile barabara ya Kondoa ilipokuwa vumbi, na basi la Arusha lililazimika kuzungukia Singida au kushuka mpaka Chalinze. Kipande cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kilifunguliwa rasmi kikiwa lami mwaka 2018, na tangu hapo hesabu imegeuka. Tunachokipima hapa ni huduma ya njia hiyo nzima: basi la Dodoma–Arusha, kulala Arusha, kosta ya Arusha–Nairobi, na mpaka wa Namanga ulio katikati.

Kwa familia ya watu watano tunaipa 7 kwa 10. Alama moja imekatwa na foleni ya Kitengela, moja na vurugu za wapiga debe mpakani, na moja kwa sababu safari inakula usiku mmoja njiani kwenda na mwingine kurudi.

Njia ya Dar tuimalize haraka. Treni ya SGR haina ubishi. Ilianza kubeba abiria wa Dodoma Julai 2024, na kwa nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huo, 31,000 mtu mzima na nusu yake mtoto wa miaka 4 hadi 12, wazazi wawili na watoto watatu wanafika Dar kwa 108,500. Gharama inaanza pale treni inaposimama: tiketi tano za ndege kwenda na kurudi, teksi za kwenda na kutoka uwanjani, na pengine usiku mmoja wa Dar. Mkiwa wawili na likizo ni fupi, pandeni ndege. Mkiwa na watoto watatu, tuendelee na barabara.

Karatasi kwanza

Hapa ndipo safari nyingi zinapokufa, na huwa zinakufa wiki ya mwisho, nguo za harusi zikiwa tayari kwa fundi.

Kitambulisho cha NIDA hakimvushi mtu Namanga. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvukiana mipaka kwa vitambulisho vyao vya taifa, ndiyo maana rafiki yako atakwambia kwa nia njema kabisa, "Njooni na vitambulisho tu." Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, na kila mtoto awe na yake, hata anayebebwa mgongoni. Visa hakuna. Ule usajili wa mtandaoni ambao Kenya iliuanzisha Januari 2024 kwa wageni hauwahusu raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukikutana na tovuti inayotaka dola ili ikuandikie kibali cha kuingia Kenya, ifunge.

Pasipoti ya kawaida ni 150,000: unalipa 20,000 unapotuma maombi mtandaoni na 130,000 unapoendelea. Zidisha kwa idadi ya vichwa, utaona kwamba kifungu kizito cha bajeti ni hiki, nauli inafuata nyuma. Kinachokwamisha maombi mara nyingi ni majina. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinasema baba ni Yohana, NIDA inasema John. Au cheti kina majina mawili, NIDA ina matatu. Panga vyeti vyote mezani, vya watoto na vya wazazi, soma herufi kwa herufi kabla hujajaza fomu, maana marekebisho ya cheti yanafanyika RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na Uhamiaji hawatakusaidia kwa hilo. Anza angalau wiki sita kabla.

Hati ya dharura ni nafuu zaidi na inatosha kwa safari ya nchi jirani. Kasoro yake ni kwamba muda wake ni mfupi, hivyo harusi ijayo mnaanza upya. Kwa familia ambayo haijapanga kutoka tena karibuni, hati kwa watoto na pasipoti kwa wazazi ni mpango wenye akili.

Mzazi mmoja akisafiri na watoto peke yake, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake iliyogongwa muhuri na wakili, nakala ya kitambulisho cha aliyebaki, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Inawezekana kabisa usiulizwe. Ukiulizwa bila kuwa nayo, mtakaa kwenye benchi mkiangalia kosta ikiondoka.

Halafu kadi ya manjano, ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo inahesabika kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanjwa Jumatatu ili kusafiri Alhamisi hakusaidii kitu. Tangu Julai 2016 chanjo moja ni ya maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa kwamba inaisha baada ya miaka 10. Mtoto wa chini ya miezi 9 hachanjwi. Wengi hudhani kadi inatakiwa wakati wa kwenda tu, kumbe Kenya ni nchi yenye hatari ya homa hiyo, na dirisha la afya la Tanzania ndilo linaloikazia macho mnaporudi. Na msichanganye: ukienda kwa gari lako mwenyewe, utaambiwa pia uwe na "kadi ya njano". Hiyo ni bima ya gari ya COMESA, kitu kingine kabisa. Wapo waliofika mpakani na moja wakidhani ndiyo zote mbili.

Ratiba

Ondokeni Dodoma Alhamisi, mkalale Arusha, mvuke Ijumaa asubuhi. Sababu ni hesabu tu. Dodoma hadi Arusha ni kama kilomita 420, na basi halitakiwi kuzidi 80 kwa saa kwenye njia kuu na 50 kwenye makazi. Weka na vituo, ni saa saba hadi nane. Basi la saa 12 asubuhi linakuingiza Arusha saa 7 au 8 mchana. Ukiunganisha siku hiyo hiyo, ongeza kilomita 110 za Namanga, saa moja au mbili za mpakani, kisha kilomita kama 165 za kuingia Nairobi. Mtafika saa 4 usiku, watoto wamelala vifudifudi juu ya mabegi, na mwenyeji wenu amekatiza kikao cha mwisho cha harusi kuja kuwapokea.

Kuondoka Ijumaa ndiyo kamari yenyewe. Harusi nyingi za Kenya ni za mchana: ibada Jumamosi saa 4 asubuhi, chakula saa 8, na jioni jua likizama watu wanaagana. Sisi tuliozoea ukumbi kufunguliwa saa 2 usiku na MC kuanza saa 3 hudhani tukiingia mjini Jumamosi saa 6 mchana tumewahi. Tumewahi kuosha vyombo. Soma kadi vizuri pia: "10.00 a.m." ni saa 4 yetu, na "2.00 p.m." ni saa 8 mchana. Wapo wanaoisoma ile 2 kama saa 2 usiku, wakavaa taratibu.

Basi la Kondoa

Mabasi ya Arusha huanzia Kituo Kikuu cha Nanenane. Kata tiketi siku mbili kabla, na ulizia mpangilio wa viti kabla ya rangi ya basi: viti viwili kwa viwili au vitatu kwa viwili. Kwa saa nane na watoto, lipia viwili kwa viwili hata kama nauli inazidi. Asubuhi basi linaelekea kaskazini na jua linatokea kulia, kwa hiyo kaeni kushoto, upande wa mlango. Pazia za mabasi mengi ni za urembo, jua linapenya kama kawaida.

Chagua safu ya tatu hadi ya sita kutoka mbele. Mpaka Chemba na Kondoa njia imenyooka na watoto watacheza. Baada ya hapo, kuanzia milima ya Kolo (kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006) hadi Bereko, barabara inapanda na kujikunja. Hapo ndipo wanapotapika, na aliyekaa nyuma ya tairi za nyuma hutapika wa kwanza. Usiwape maziwa asubuhi. Chai ya tangawizi isiyo na maziwa na mkate mkavu vinakaa tumboni. Konda akikosa mfuko, na siku hizi hukosa kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kwetu tangu 1 Juni 2019, kitakachowaokoa ni kopo la lita moja lenye mfuniko wa kuzungusha, gazeti kuukuu na chupa ya maji ya kunawia. Kopo linafunikwa, linaoshwa Babati, linatumika tena. Hakuna mfuko wa karatasi unaoliweza.

Babati ndicho kituo cha maana cha kula. Chipsi za dirishani zinajaribu, lakini mtoto aliyetoka kutapika apewe ndizi na maji kwanza. Waambieni watoto wakachimbe dawa hapo hapo stendi, choo cha kulipia, kabla basi halijapiga honi, maana kutoka hapo kupitia Magugu, Minjingu na Makuyuni hadi Arusha dereva hapendi kusimama, na si jambo la kumlaumu.

Barabara yenyewe ni 8 kwa 10. Huduma ndani ya basi inategemea konda wa siku hiyo, na video zinazoonyeshwa haziangalii kama kuna watoto.

Arusha hakuna mengi ya kusema. Lala karibu na mahali kosta ya kesho inapoanzia, si karibu na stendi uliyoshukia, utaokoa bajaji mbili za alfajiri. Badilisha fedha hapa. Na kwa kuwa ni baridi kuliko Dodoma, masweta yawe juu ya begi.

Namanga

Kosta za asubuhi hutoka mapema, na kwa familia hizo ndizo zinazofaa. Unaweza pia kwenda kwa vipande: Noah hadi Namanga, kuvuka kwa miguu, kisha matatu hadi Nairobi. Ni rahisi zaidi kwa bei, lakini unahamisha mizigo mara mbili katikati ya wapiga debe. Kwa watu watano na mabegi sita, tofauti ya nauli italiwa na wabebaji.

Mpaka huu ni wa kituo kimoja, ulizinduliwa rasmi Desemba 2018. Maana yake ni kwamba ukienda Kenya, unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya ndani ya jengo moja, lile la upande wa Kenya. Ukirudi, vyote viwili vinafanyika jengo la upande wa Tanzania. Usikubali kijana yeyote akwambie ushuke kabla "ukamalizane na Uhamiaji wa huku". Shuka pale kosta inaposhusha wote.

Mpangilio ni huu. Dirisha la afya kwanza, kadi za manjano za familia nzima zikiwa zimefungwa pamoja na bendi ya mpira. Kisha dirisha la Tanzania, muhuri wa kutoka. Kisha la Kenya, ambako wakubwa wanaweza kutakiwa kuweka vidole na kupigwa picha. Raia wa Afrika Mashariki hupewa hadi miezi sita. Kisha mizigo inapita kwenye mashine ya ushuru. Kuwa na kalamu yako. Ya dirishani huwa imefungwa kwa uzi na haiandiki.

Sasa kosa ambalo ni dogo na linauma. Ofisa akipokea pasipoti tano kwa mpigo, ni rahisi moja ikapita bila kugongwa, na mara nyingi ni ya mtoto. Usitoke dirishani kabla hujafungua kila moja na kuhesabu: mihuri miwili mipya, tarehe ya leo, kwa watu watano ni mihuri kumi. Ukiligundua hapo hapo, ofisa anagonga na kuomba radhi. Ukiligundua siku ya kurudi, mtoto kwa mujibu wa karatasi hajawahi kuingia Kenya, na maelezo yanaanza.

Vijana wa kubadilisha fedha watawazunguka. Kwa hesabu ya haraka, shilingi moja ya Kenya ni kama 20 zetu, lakini angalia kiwango cha siku hiyo. Hila zao mbili ni kuhesabu noti zikiwa zimekunjwa katikati, ili moja ihesabike mara mbili, na kupenyeza noti za zamani. Elfu moja ya zamani ya Kenya, yenye sura kubwa ya rais, ilikoma kuwa fedha baada ya 30 Septemba 2019. Noti mpya ina picha ya KICC, jengo la mikutano la Nairobi. Ukipewa ile ya zamani, umepewa karatasi. Fedha nyingi hata usibebe: mchango wa harusi unatumwa kutoka M-Pesa ya Vodacom kwenda M-Pesa ya Safaricom, mkiwa bado Dodoma. Mwenye harusi huzihitaji wiki mbili kabla, zinapolipia hema na viti, kuliko siku yenyewe.

Baada ya mpaka ni Kajiado, Isinya, kisha Kitengela, na hapo mwendo unakwisha. Ijumaa kuanzia alasiri foleni ya Kitengela na Athi River inaweza kula saa nzima au zaidi, na hiyo ndiyo hoja ya kupanda kosta ya asubuhi. Kabla ya kuondoka Arusha muulize mwenyeji mnafikia upande gani. Kama ni Kitengela, Athi River au Mlolongo, mwambieni dereva mapema awashushe njiani. Familia nyingi hupelekwa hadi katikati ya jiji, kisha kurudishwa na teksi njia ile ile, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mizigo na zawadi

Divai ya Dodoma ni zawadi inayosifiwa kila inapofika. Msafiri mtu mzima anaruhusiwa lita mbili za divai bila ushuru, yaani chupa mbili za mililita 750 na nafasi kidogo. Mke na mume ni chupa nne. Kila chupa ifungwe kwenye kitenge, si gazeti, maana kitenge chenyewe ni zawadi na hakichaniki. Zabibu mbichi ziacheni. Matunda mabichi yana ukaguzi wake mpakani, na hata yakipita, saa nane za joto la basi zinayageuza juisi ndani ya begi. Na Kenya nao walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 28 Agosti 2017, kwa hiyo viatu na nguo chafu viwekwe kwenye mifuko ya kitambaa.

Kama kuna sare, omba rangi na mita mapema, mkashonee hapa hapa Majengo wiki tatu kabla. Kushona Nairobi wiki ya harusi ni kuomba miujiza. Sherehe nyingi ni za hema kwenye majani: visigino vyembamba huzama, vaeni vinene. Juni hadi Agosti usiku wa Nairobi unaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12, na mtoto wa Dodoma aliyevalishwa gauni la mikono mifupi ataanza kulialia kabla keki haijakatwa. Ule utaratibu wetu wa kadi ya mtu mmoja au wawili kukaguliwa mlangoni mara nyingi haupo, na watoto wanakaribishwa. Hilo ni la kuwasifu.

Kurudi

Kwa kuwa sherehe inaisha jioni, kosta ya Jumapili asubuhi inawezekana. Mtafika Arusha alasiri, mlale, na Jumatatu mchana mko Nanenane. Watoto watakuwa wamekosa siku tatu za shule. Tiketi za Arusha–Dodoma kateni Ijumaa mnapopita, kwa sababu Jumatatu asubuhi mabasi hayo hujaa wanaorudi kazini kutoka wikendi. Safari hii jua la asubuhi litatokea kushoto. Kaeni upande wa dereva.